Marehemu Amenunua Gari

Barua ilifika Jumanne, theluji ingali juu yake,
kutoka kliniki ya masikio, pale mjini Duluth.
Waino alipimwa huko mwaka ule alipoanza
kunijibu maswali ambayo sikumuuliza.
Wameandika: Tunasikitika. Mtu asiyejulikana
ameingia kwenye mafaili yetu. Huenda amechukua
jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hifadhi ya jamii.
Huenda. Neno dogo, limebeba gunia.

Nikaiweka chini ya bakuli la vitunguu.
Mume wangu ana miaka mitatu kaburini,
mwizi atamwibia nini? Maiti haulizwi sanda.

Kumbe huulizwa rejesho la mwezi.

Februari simu ikalia. Kijana, sauti ya asali:
"Naomba kuongea na Bwana Waino Saari
kuhusu gari alilochukua Tulsa."
Gari gani?
"Pikapu, mama. Nyekundu. Milango minne."
Waino, aliyekataa wekundu hata wa soksi!
Waino, aliyekuwa akisema gari la mkopo
usukani wake uko benki.
"Hayupo," nikasema.
"Atarudi lini?"
Nikatazama dirishani. Ziwa limeganda
hadi pale jicho linapochoka.
"Ukijua wewe, nijulishe na mimi."

Sasa nikiri jambo ambalo mjukuu wangu halijui.
Siku mbili sikumwambia mtu.
Niliketi kwenye chumba cha mvuke alichokijenga kwa mikono yake,
nikamwaga maji juu ya mawe, nikawaza:
mahali fulani, kwenye joto la Tulsa,
mtu anaitwa Waino, naye anaitika.
Anatia sahihi. Anaulizwa rangi, anachagua.
Miaka mitatu hakuna aliyemwita ila mimi,
tena kwa sauti ya chini.

Siku ya tatu nikaona haya.
Jina si koti la marehemu
ukalitoa kwa yeyote litakayemtosha mabegani.

Maren akaja na kompyuta na uso wa hakimu.
Tukapiga simu: kampuni ya kwanza, ya pili, ya tatu,
zile zinazoandika nani hulipa na nani hukimbia.
Muziki wa kusubiri. Muziki. Muziki.
Cheti cha kifo, nakala. Cheti cha ndoa, nakala.
Polisi, ripoti, namba ya ripoti.
Iandike, bibi, na saa, na jina la aliyepokea.
"Tunaligandisha jina lake," akasema,
"na lako pia, asije mtu akakopa kwa kivuli chako."
Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nikacheka peke yangu. Huku kila kitu huganda bila kuombwa;
hili tu ndilo lililotaka fomu.

Kisha akauliza: "Neno lako la siri la benki?"
Nikanyamaza.
"La barua pepe?"
Nikanyamaza.
"La duka la dawa?"
Lilikuwa moja kila mlango: Waino, na mwaka wake.
Tukamtoa mlango mmoja mmoja hadi saa tano usiku.
Mara ya kwanza walimbeba watu sita.
Safari hii nilimtoa mwenyewe, kwa kidole.
Yaliyoingia badala yake siyasemi hata hapa.

Jana simu tena. Mwanamke, mpole, ana haraka:
anatoka kitengo cha ulaghai cha benki, anataka kunisaidia,
nimtajie tarakimu nne za mwisho, nne tu.
Zamani ningezitaja, na kahawa ningemkaribisha.
"Kwanza wewe," nikamwambia. "Jina lako nani,
na ni kweli mama yako alikuita hivyo?"

Akakata.

Nikageuza kadi, nikapiga namba iliyo nyuma yake.
La, benki haikuwa imenipigia.
Nikaandika: saa, tarehe, jina la aliyepokea.
Ile barua bado iko chini ya bakuli.
Vitunguu vimechipua.