Alianza na Dari

Kitambaa chekundu, alisema mkurugenzi,
kipande cha shuka, gundi, basi.
Nani ataketi karibu kiasi cha kuhesabu magego?
Zdislava hakumjibu. Alikuwa na sindano tatu midomoni,
na mwenye sindano midomoni hubishana kwa macho.

Miaka thelathini na mmoja aliwatengenezea meno
wachimba makaa ya mawe wa Ostrava.
Anaujua ufizi wa mvuta kiko,
anajua jino hufa kijivu kabla halijang'oka.
Jino la pembe si dawa ya pengo:
nani alijue hilo kuliko yeye, aliyeyauza?

Kinywa ni jumba la maneno. Haya,
fundi huyu alianza na dari.
Silikoni kwenye bakuli la supu,
brashi yenye nywele tatu.
"Si nyekundu," akaniambia. "Tazama."
Akaachama mbele ya dirisha, kwenye mwanga wa Februari,
nami, mwanafunzi wa wiki ya pili,
nikachungulia kinywa cha bibi wa miaka sabini
kwa haya, kama niliyefungua barua isiyo yangu.

Mbele, waridi. Nyuma, rangi ya ini.
Kaakaa lina matuta.
Kimio kimeinama upande mmoja, kinasikiliza.
Na chini ya ulimi, mshipa wa buluu
ambao hakuna mtazamaji atakayeuona.
Huo aliuchora kwanza.

Ulimi ulitushinda mara tatu.
Wa kwanza mzito, kikaragosi akawa mlevi.
Wa pili mwembamba, akawa nyoka.
Wa tatu ulikaukia upande wa kushoto, tukampa paka.
Wa nne tukaujaza pamba na punje za ufuta
ili uchelewe kidogo kabla ya kila neno,
kama ulimi wa mtu aliyewahi kujuta.

Kisha meno.
Aliyatoa kwenye sanduku la viatu, seti ya juu,
yamefungwa karatasi yenye jina: Hlubek.
Mgodi ulikuwa umemtangulia kwa siku mbili.
"Alikwisha kulipa," alisema,
akayapuliza vumbi,
akakaa nayo kiganjani mpaka chai ikapoa.

Usiku wa onyesho niliketi kando ya mkurugenzi, nyuma kabisa.
Mzee wa mbao alivua kofia, akakaa kitandani,
na kabla ya kusema lolote
akapiga mwayo.
Mrefu. Vanishi ikang'aa kama mate.
Mtoto wa safu ya kwanza akasogea, akachungulia mle ndani,
naye akapiga mwayo.
Mama yake akafuata. Safu ya pili. Ya tano.
Mkurugenzi akafunika mdomo kwa programu.

Zdislava, nyuma ya pazia, mkono umo kooni mwa mzee,
hakuona kitu.
Alivifunga vidole polepole,
na meno yakagusana, tk,
sauti ndogo
ya mtu aliyepokea chake.