Kitenzi cha Milango Miwili

Jumanne ni zamu ya vitenzi.
Darasa ni chumba cha kanisa, Katuba, nyuma ya kinu cha unga;
mashine ikisaga, napandisha sauti,
ikizima ghafla, najikuta napiga kelele peke yangu
juu ya sarufi ya Kiingereza.

Nilisema: kitenzi hiki cha barua rasmi kina milango miwili.
Kifuatishe na "tu",
na huzuni imetangulia neno:
mtu amesimama kizingitini, amevua kofia,
anakohoa kidogo, ndipo anakuambia.
Kivalishe kinachofuata mkia wa "ingi",
na neno lilikwisha kutoka zamani,
huzuni ndiyo imebaki kulikimbiza barabarani.
Msichanganye. Makampuni hupitia mlango wa kwanza.
Ni adabu tu, nikasema, haina uzito.

Papa Kisimba akainua mkono.
Ndiye mkubwa wetu, magoti yake hayaingii chini ya dawati.
Mfukoni mwa shati alitoa mfuko wa maziwa ya unga,
ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne
hata mikunjo imekuwa matundu.
"Wi rigreti," akasoma,
kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ingali moto,
"wi rigreti tu infomu yu."

Aliisoma kwa macho ya Kifaransa, miaka minne.
Na kwa Kifaransa, ukimrigreti mtu, umemkosa,
kiti chake mezani kinakuuma.
Basi alikuwa akiwaambia majirani:
kampuni inanililia, hawa wataniita.
Alikataa kazi ya ulinzi Likasi,
asije akawa mbali siku hiyo.
Kila mwisho wa mwezi alipaka dawa viatu vya mgodini,
vile vyenye chuma vidoleni,
akavirudisha juu ya kabati.

"Mwalimu, hii tu ya hapa,
ni ile ya kofia?"
Ni ile ya kofia, Papa.
"Ya kuvua na kuvaa tena."
Kinu kilikuwa kimezima.
Sikuwa na cha kushindana nacho.

Nilitaka kumpa maneno hayo kwa lugha yetu, nione kama yatalainika.
Nasikitika kukuambia.
Lakini sisi tuna "ku" moja tu kwa milango yote,
haisemi kama chozi lilitangulia neno
au neno ndilo lililotangulia.
Labda ndiyo maana hatuandiki.
Tunamtuma shangazi.
Anafika, anakaa, anaomba maji ya kunywa,
na ukimwona anaomba maji kabla ya salamu kuisha
umekwisha kujua.
Barua haiombi maji.

Nikawapa zoezi, maana saa ilikuwa imebaki nusu
na sikujua la kufanya lingine:
sentensi moja moja, mlango wowote.
Mama Numbi akaandika juu ya cherehani aliyoiuza.
Kijana wa Kasumbalesa akaomba radhi kwa lori,
sentensi safi, ya ofisini,
hata nikamwonea wivu tajiri wake.
Papa Kisimba aliandika taratibu,
akafuta kwa kidole chenye mate,
akaandika tena.
Wenzake walikwisha kufunga mabegi,
mtu anauliza nje bei ya makaa.

Alichoandika, nikikitoa kwenye Kiingereza, ni hiki:
nasikitika kuwapa miaka kumi na tisa.
Lakini Kiingereza chake kilisema zaidi ya hapo,
kwa sababu mkia wa "ingi" ulikuwa mahali pake hasa,
kwenye kule kuwapa,
na miaka ilikuwa imekwisha kutoka.

Niliweka alama ya vema.
Jina la kampuni alikuwa amelikosea, herufi mbili.
Kalamu nyekundu ilifika pale,
ikasimama,
ikapita.