Taa ya Chungwa

Umeme umerudi saa nne kasoro, Kadutu yote imepiga kelele,
redio zimeamka katikati ya neno,
na sanduku la Mugisho, ndani ya stoo nyuma ya jiko,
limekohoa mara mbili, likaanza kuunguruma.
Basi liko hai. Hilo nimelivuka.

"Daftari imeonekana?" Mama, toka jikoni.
Bado.
Saa nane wanawake kumi na watano wa likelemba watajaa uani.
Namwezi atasema ya Machi alitoa.
Mama atasema hakutoa.
Daftari lenyewe lililowa ukuta ulipopasuka,
kurasa zikashikana kama maandazi ya jana;
tulizowahi kuzipiga picha zimo humu,
ndani ya sanduku linalounguruma na halinifungulii.

Mugisho yuko Kalemie, sauti yake inakuja kwa vipande.
"Usizime. Usiguse. Angalia taa kwanza."
Naangalia. Mgongoni, waya unapoingia,
taa iliyozoea kuwa kijani imekuwa ya chungwa,
inapepesa kama mtu anayejua jambo na amekatazwa kulisema.
"Chungwa," namwambia.
Anakaa kimya mpaka nadhani vocha imekwisha.
"Tuma salamu."

Nimekalia gunia la makala, kompyuta magotini,
natuma salamu kwa ile namba aliyoiandika ukutani.
Ya kwanza imerudi. Ya pili imerudi.
Ya tatu, sijui.
Zinakwenda kumi, zinarudi sita,
na hizo sita zinahema
kana kwamba zimepanda toka ziwani na bidoni kichwani.

"Anayejibu sita hajafa," asema Mugisho,
"na namba yake hajaisahau. Kuna kitu kimemkaba. Fuata wa—"
Simu imekatika. Lakini neno nililijua.

Nafuata waya.
Toka dirisha la nyumba ya juu, chini ya mabati,
kando ya ngazi tulizozichonga kwenye udongo mwekundu,
mkono wangu ukiupapasa kama shanga za rozari:
hapa umepinda, hapa una tope, hapa mzima,
unaingia stoo kwa tundu la panya, mzima,
unazunguka nyuma ya sanduku.

Macho kumi na mawili yananitazama.

Simbilisi wa Mama.
Tangu mvua ianze amewahamishia hapa, na kikapu chao,
na majani yao, pale sanduku linapopumulia hewa ya moto.
Hakumwambia mtu. Nani angeulizwa?
Na simbilisi, wakishashiba majani, hutafuna kilicho karibu.
Ganda la buluu limechubuliwa urefu wa kidole,
na ndani, nyuzi mbili zimekatika, ya tatu inaning'inia.

Kisu. Koleo. Kichwa kipya, cha mwisho, toka kopo la Mugisho.
Nyuzi nane nyembamba kuliko nywele za kusuka:
nyeupe ya chungwa, chungwa,
nyeupe ya kijani, buluu,
nyeupe ya buluu, kijani
(wale wa kijani wametenganishwa, wa buluu wamekaa kati yao
kama wakwe wasioelewana kwenye meza ya harusi),
nyeupe ya kahawia, kahawia.
Nikakosea. Nikakata. Nikaanza tena.
Waya ukapungua shibiri, ikabidi sanduku lisogee;
simbilisi nao wakasogea.

Kijani.
Zimekwenda kumi, zimerudi kumi, mbiombio.

Mama anakuja akifuta mikono kwenye kitenge.
Namfungulia Machi. Tunashuka mstari kwa mstari,
kidole chake hakigusi kioo.
Namwezi: alama, na dole gumba lake, wazi kabisa.
Chini yake, jina la Mama.
Mbele ya jina la Mama hakuna kitu.

Feni inazunguka. Simbilisi mmoja anapiga mluzi.
Mama anatazama ule weupe kwa muda
wa mtu anayehesabu na kurudia.

"Funga kwanza," anasema.
"Sombe iko inaungua."