Nakala ya Vunjajungu

Jumanne, saa nne na robo. Umeme ulikuwa umerudi
baada ya kukatika mara mbili tangu tufungue.
Mashine ilikuwa ikipata moto, mimi nikipata chai.
Vumbi la Barabara ya Sita liliingia bila hodi
likakaa kwenye kiti cha wateja.

Akaja Ndahani wa Iyumbwa.
Jina nililisoma kwenye bahasha, yeye hakulitaja.
"Nitolee mbilimbili. Ni za fidia."

Kitambulisho, mbele na nyuma.
Barua ya mtendaji, muhuri umelowa jasho.
Fomu ya uthamini:
mizabibu arobaini na mmoja,
mikungugu mitatu,
choo kimoja,
kaburi moja, dogo.

Nikafunua kifuniko.
Juu ya kioo palikuwa na jani.
Nikalipuliza,
na jani likainua mikono.

Kichwa cha pembetatu, kimegeuzwa kunitazama
kama karani anayeulizwa swali wakati wa chakula.
Kifua kipana, ua lililonyauka ukingoni;
na kwapani, alipojitanua,
zambarau, weupe, kijani cha zabibu mbichi,
na weusi uliong'aa kama kiatu cha mtu wa Bunge.

"Vunjajungu," nikasema.
Ila vunjajungu ninaowajua mimi ni wembamba,
wa kijani, wa majanini kule Makole.
Huyu alikuwa amevaa.

Mama alituonya: ukimgusa,
siku hiyohiyo utavunja chungu.
Nyumbani chungu kilikuwa kimoja,
kwa hiyo sikuwahi kumgusa.
Leo nina miaka thelathini na minne, chungu sina.
Nina kioo cha mashine ya mkopo,
imebaki miezi kumi na mmoja.
Mikono nikaificha nyuma.

"Muue!" dada mwenye mafaili akasema.
"Usimuue, mpige picha!" kijana wa chuo,
ambaye simu yake haikuwa na chaji.
Foleni ikavunjika, ikawa duara.

Ndahani akasogea, akainama.
"Nimekuja naye," akasema chini chini,
kama mtu aliyeingia na mtoto kwenye kikao.
"Wanakaa kwenye mikungugu.
Buldoza lilipoanza kusukuma juzi,
wengine walihamia kwenye koti."

"Kwenu mnamwitaje?"

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko swali lenyewe.
"Hatukuwahi kumwita. Alikuwepo tu."

Sijui kiwiko cha nani kilibonyeza.
Taa ikapita chini ya miguu yake, polepole,
alfajiri nyembamba iliyokosea njia,
na yeye hakukimbia. Alifungua mbawa zote,
akaikabili ile taa
kama anayeambiwa hama na bado anauliza: wapi?

Karatasi ikatoka, ina joto.
Nyeusi na nyeupe. Zambarau imekuwa kijivu,
kijani kimekuwa kijivu kingine.
Ila mikono ilionekana vizuri,
imekunjwa, kana kwamba naye ana ombi.

Ndahani akasogeza bahasha, mdudu akapanda mwenyewe.
Kisha akaichukua ile karatasi
akaipachika kati ya fomu na barua ya mtendaji.

"Hiyo wataigongea muhuri?" nikauliza.

"Choo wamekihesabu," akasema. "Labda."

Akalipa nakala sita. Ya saba sikuihesabu.
Nikamwona akivuka barabara, bahasha mbele,
ameishika kama sinia lililojaa mchuzi,
bodaboda zikimpigia honi, yeye haongezi mwendo.

Tangu siku ile, kila nakala inayotoka hapa,
pembeni kushoto, ina mstari mdogo kama unywele.
Wateja wananung'unika.
Tajiri amesema nifute kioo.
Nafuta, asubuhi na jioni,
upande wa kulia.