Vipimo vya Mwanamke wa Mbodze

Mbodze alimleta kwa mkokoteni,
amemfunga shuka la kitanda,
kichwa kimechomoza nyuma kama abiria
anayetaka kujua anapelekwa wapi.

Nikamlaza mezani, nikatoa futi.
Urefu: futi saba kasoro inchi mbili.
Upana: mlango wa kabati.
Shingo peke yake shibiri mbili,
na mkono wangu si mdogo.

Kwetu mwanamke husifiwa shingo ya upanga.
Huyu, upanga umetoka alani wote
na bado unaendelea kutoka.
"Anaumwa?" akauliza Thoya wa vioo.
"Ni jiwe," Mbodze akajibu.
Alimwona katika kitabu cha shule kisicho jalada:
mwanamke wa marumaru, wa zamani za Wayunani,
pua imemeguka, paa la hekalu kichwani,
na hakuna aliyekuja kumpokea.
"Ukibeba paa miaka yote hiyo
utafupika au utarefuka.
Mimi nimemrefusha."

Sikumwambia nilichokiona mimi:
vigango vya mhuhu nyuma ya boma la Babu Ngumbao,
vyembamba, vimesimama majanini,
uso duara, macho yasiyomtazama mtu,
mwili bapa, pembetatu juu ya pembetatu.
Kimoja kiliondoka usiku.
Shimo lilibaki,
na bibi alikuwa akilizunguka kila akifagia.

Jumatatu akaja mnunuzi,
mwenye vyumba vya wageni kule Mayungu.
Ukuta wake mfupi.
"Mkate hapo magotini. Nani hutazama miguu?"
Msumeno ulikuwa umetundikwa, unatusikia.

Nikamtajia bei ya kukata.
Niliitaja kubwa hata yeye akacheka,
akaenda kutafuta fundi mwingine, au ukuta mwingine,
sijui.

Ubao niliokuwa nao haukutosha.
Nikaunga mvule na mkoko,
rangi mbili, kiungo waziwazi
karibu na bega la kushoto.
Sikukipaka vanishi.

Yuko dukani mpaka leo, ameinama kidogo,
maana akisimama wima dari inamkataa.
Nikiwasha taa, kivuli chake hutoka mlangoni,
huvuka mtaro,
hupanda meza ya muuza mabuyu
na kulala juu ya vikombe vyake vya kupimia.

Mbodze hupita Ijumaa, huuliza kama kauzika.
Humwambia bado napima.