Chumba Namba Nne, Göttingen

Siku tatu tulilimenya neno fremd
bila kufika kwenye kokwa.
Ketevan wa Tbilisi alisema lina baridi.
Yaovi wa Lomé akasema la, lina mlango,
ila komeo liko upande wa ndani.
Shigeko hakusema. Aliandika herufi moja ubaoni,
akaifuta,
akaomba radhi kwa kuifuta.

Mimi nikawaza: kwetu aingiaye ni mgeni,
umjue usimjue,
neno moja humbeba yeye na mzigo wake.
Nikanyoosha kidole. Muda ukawa umekwisha.

Saa kumi na mbili akaja bawabu, Bwana Wiegand,
theluji ikimyeyukia kwenye buti,
akatazama ubao, mishale tupu,
lugha tisa zikikimbilia neno moja.
"Feierabend," akasema, akitikisa funguo.

Hakuna aliyeuliza maana.
Tukaokota makoti.
Yaovi akamsaidia kufunga madirisha.

Nje, kwenye ngazi zenye barafu,
profesa Reinhild, mwenyeji wetu,
mwenye vitabu vinne juu ya ugeni,
aliteleza,
akadaka mkono uliokuwa karibu
bila kuuliza ni wa nani.

Ulikuwa na chaki.