Kiraka Chekundu

Tairi la nyuma lilianza kulegea kabla ya Mugunga,
nikajidanganya ni barabara.
Kufika Ndosho pikipiki ikawa inayumba
kama mlevi anayetafuta mlango wa jirani.
Nikashuka, nikaisukuma juu ya makoro,
mawe haya meusi ya Goma yaliyoshuka mlimani yakiwa uji,
yakapoa,
na bado yanauma.

Kwetu Bukavu kila mziba pancha namjua kwa kikohozi chake.
Hapa simjui mtu.
Hapa hata salamu yangu ina matope ya Kadutu,
na kijana wa kwanza alitaja elfu tano
kabla sijafunga mdomo.

Wa pili alikuwa mama wa makamo,
koti la mvua la mwanaume, mikono imekunjwa mara tatu,
pampu katikati ya magoti.
Anaitwa Masika,
na maji ya beseni lake ni ya kununua,
bidoni moja iliyopanda kutoka ziwani kwa chukudu.
Ndiyo maana hayamwagi. Ni ya tangu Jumatatu,
yamesikiliza siri za magurudumu ya mtaa mzima
mpaka yakawa meusi kama chai ya matangani.

Akabandua tairi kwa vipande viwili vya springi,
akautoa mpira wa ndani, mlegevu, una jasho,
akaujaza upepo, akauzamisha kidogo kidogo
akiuzungusha kama anayehesabu rozari.
Kimya.
Kimya.
Kisha povu.
"Hili ni la kwetu," akasema, kama mwenyeji
anayeomba radhi kwa ajili ya mbwa wake.
Akazungusha tena. Povu la pili, dogo, la uzee,
likachungulia pembeni mwa kiraka chekundu.

"Na hiki nani alikikata?
Sisi tunakata mviringo, tunatupa pembe.
Huyu hakutupa hata pembe."

Nikamwambia ni Nabintu, mke wangu.
Nikamwambia mvua ya Aprili ilivyokuja na kilima,
matope yakamshika mtoto wetu magotini,
tukamvuta, akatoka,
buti la kushoto likabaki chini na halikuonekana tena.
La kulia likatundikwa msumarini nyuma ya mlango.
Miezi minne, mtu asilitupe, mtu asilivae,
maana kiatu kimoja hakina pa kwenda.
Hata usiku ule nilipopata pancha na sikuwa na hela,
akalishusha, akachukua mkasi wa kukatia nguo,
hakusema neno.
Tangu hapo kila tundu linakula buti lile.
Sasa limefika kwenye kifundo.

Masika alisikiliza huku akisugua mpira kwa msasa.
"Kiraka juu ya kiraka ni uongo juu ya uongo," akasema.
"Kitatoka."
"Ngoja," nikasema.
Wateja wawili wakanitazama. Mmoja akatazama saa.

Hakungoja.
Akakipasha pistoni kuukuu juu ya moto wa spiriti,
akakilaza hapo, akapuliza ukingo,
akakibandua polepole kama utando wa maziwa,
kizima, pembe zake zote nne,
akaninyoshea bila kuinua macho:
"Shika kiatu chako."
Kisha akakata cheusi, kipana, kutoka mpira wa lori,
akapaka gundi, akahesabu kwa Kinande, midomo tu,
akagonga kwa nyundo.
Tukakirudisha majini. Maji yakanyamaza.

Elfu mbili. Bei ya mwenyeji.
Nikataka kuongeza, akanifukuza kwa pampu.

Kesho, barabara ikiwa wazi, nitarudi.
Mfukoni, panapokaa kitambulisho,
kile kipande bado kina joto, au ni mwili wangu.
Nitampa Nabintu. Atauliza kwa nini
natoa takataka mbali hivyo,
halafu, akidhani sioni,
atakipeleka nyuma ya mlango
akipime kwenye buti
ajue kilitoka wapi.